Kilichotoka Kwenye Mwani wa Illetes

Mkate ulikuwa umetoka kwa mwokaji asubuhi ile ile, bado una joto, lakini Eulària Escandell alipoukata akakuta ndani yake uzi wa mwani mweusi, umelowa, unanuka kama kitu kilichofia majini. Akauvuta. Ukatoka mrefu kuliko mkate wenyewe.

"Mwokaji wako sasa anachota unga ufukweni," mumewe, Tomeu, akatania, akautupa ule uzi nje.

Walikuwa na mgahawa wa mbao kwenye mchanga wa Illetes, kisiwani Formentera, pale boti za matajiri zinapotia nanga kiangazi kizima. Ufuko ule uko ndani ya hifadhi, na mwani unaotupwa na bahari hauguswi. Lakini mwaka huo ulirundikana hadi kiunoni, ukaoza, inzi wakajaa, wateja wakawa wanakula huku wameziba pua. Jana yake alfajiri Tomeu alikuwa ameusomba kwa trekta na kuumwaga kwenye shimo la zamani la chumvi nyuma ya matuta. Mchanga ukabaki mweupe, na wateja wakasifu.

Harufu haikuondoka, ilihamia ndani. Ilikuwa kwenye taulo, kwenye kahawa, kwenye mito ya kulalia. Mteja mmoja Mtaliano alitapika mezani kwa kijiko cha kwanza cha mchuzi wa samaki, na Eulària alipouonja, ulimi wake ukakutana na kitu laini kinachojikunja. Akatema kwenye leso. Hakuona ila mate ya kijani.

Tomeu akaacha kuoga. Tumbo likamfura, ngozi ikawa na utelezi, na kila alipokaa kiti kilibaki na maji ya kahawia. Eulària alianza kulala jikoni, akijionea aibu kwamba mume wake mwenyewe anamtia kinyaa.

Mchana mmoja, wateja wakiwa wamerudi kupumzika botini, akasikia sauti ya kufyonza, kama mtu mwenye njaa anayenyonya ubongo wa kichwa cha samaki. Akaifuata hadi barazani, akamkuta Tomeu amelala kwenye machela ya kubembea kinywa wazi, na pembeni ya mdomo uzi wa mwani ukining'inia, akaushika ili amfutie tu, akavuta, nao ukaja, ukazidi kuja, mkono baada ya mkono, mzito, wa vuguvugu, una konokono waliokuwa bado hai na kaa mdogo aliyemtambaa kidoleni, na Tomeu akiendelea kukoroma hadi sauti isiyo yake ilipotoka tumboni ikasema taratibu:

"Niache, mama. Humu pana joto."

Ule uzi ukajivuta ndani wenyewe.

Shangazi yake Tomeu, bibi Pepa, alikuwa mwombeaji wa waliopatwa na kijicho au mapepo. Eulària alipomwita, alifika na chupa ya mafuta, akasimama mlangoni, akafanya ishara ya msalaba.

"Unanuka, kijana. Hata mbuzi wa marehemu baba yako walikuwa na haya." Kisha akamnong'oneza Eulària, "Mmemnyang'anya kitanda chake?"

"Nani, shangazi?"

"Anayelala kwenye mwani. Mmemtoa, naye amejitafutia kwingine. Rudisheni kile kitanda, na mumeo akalale juu yake. Tena leo, jua likiwa juu."

"Askari wa hifadhi wataona. Watatufungia mgahawa."

"Basi chagua, mwanangu. Mgahawa au mume."

Eulària akaliendesha trekta mwenyewe. Ule mwani shimoni ulikuwa umegeuka uji mweusi wenye funza. Akaumwaga ufukweni mbele ya wateja waliokimbia na sahani zao, huku askari wa hifadhi akipiga kelele. Tomeu akalazwa juu yake. Bibi Pepa akampaka mafuta tumboni, akaomba kwa sauti ya chini, na tumbo likaanza kutembea. Tomeu alitapika hadi macho yakamtoka. Cha mwisho kutoka kilikuwa donge la kahawia, kubwa kama kichwa cha mtoto, na lilikuwa linapumua.

"Eulària," Tomeu akaita, kwa sauti yake mwenyewe. Akaanza kulia.

Kila mtu alimtazama yeye. Eulària peke yake aliliona lile donge likiteleza majini, kuelekea kwa msichana aliyekuwa akielea chali karibu na boti ya wenzake, macho kafumba, anacheka peke yake. Angeweza kumwita. Mdomo aliufungua. Akakumbuka vuguvugu la ule uzi mkononi, akafikiri kwamba boti ile lazima ing'oe nanga, iende mbali, bandari nyingine, watu wengine. Akaufunga.

Msichana akazama kidogo, akaibuka akikohoa. Wenzake wakamuuliza kama amemeza maji.

"Kidogo," akasema, akilamba midomo. "Matamu."

Eulària akageuka, akaanza kumfuta mumewe uso.