Bei Isiyopanda Bagira

Emérence alikuwa amefika karatasi ya tano, penseli ikishuka taratibu kwenye safu ya uzito, aliposimama. Akarudi karatasi ya kwanza. Akaanza upya, safari hii kwa sauti ya chini kama mtu anayesali rozari: gramu elfu moja mia nne; elfu moja mia nne na kumi; elfu moja mia tatu na tisini; elfu moja mia nne. Kopo la maharagwe, soko la Bagira, kuanzia Machi hadi Septemba. Miezi saba, na kopo halijapungua hata kiganja kimoja.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa kumi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, ofisini Nyawera.

Akavuta karatasi za soko la Kadutu. Huko nako kopo liliuzwa faranga elfu tatu mia tano tangu Machi, kama Bagira. Lakini uzito ulikuwa ukishuka mwezi baada ya mwezi, hadi Septemba likatoa gramu elfu moja na hamsini tu. Wauzaji wa Bukavu hawapendi kupandisha bei, maana bei mpya hufukuza mteja. Hugonga kitako cha kopo kwa nyundo kikaingia ndani, na bei ikabaki palepale. Ndiyo sababu wapimaji wa ofisi hawakuandika bei tu. Walinunua kopo moja, wakayaweka maharagwe kwenye mizani, na Emérence akatafuta bei ya kilo. Kadutu, kilo ilikuwa imetoka elfu mbili mia tano hadi elfu tatu mia tatu na kitu. Bagira haikusogea. Na maharagwe ni yaleyale, ya kina mama wa Mudaka wanaoyaleta masoko yote mawili.

Mkuu wa ofisi, Papa Gérard, alisoma karatasi zile akiwa amesimama.

"Nilikuwa najua," alisema. "Mupimaji wetu wa Bagira, Muzee Philémon, anakaa ku nyumba, anakunywa chai yake, anaandika namba. Hiyo iko kupika namba, Maman Emérence. Kesho kutwa, Ijumaa saa sita, nasaini barua ya kumusimamisha."

"Tumuulize kwanza, Papa."

"Kumuuliza nini? Mizani gani inatoa uzito moja miezi saba?"

Hasira yake ilikuwa na sababu. Ofisi ile ndogo ilifanya kazi kwa ajili ya mutuelle, chama cha kusaidiana, ya walimu wastaafu. Kila mwisho wa Oktoba posho yao iliongezwa kadiri kikapu cha vyakula kilivyopanda bei katika mtaa wao. Bagira walikuwa walimu mia moja themanini na wanne. Kama kikapu chao hakikupanda, hawakuongezewa kitu.

Ulrich, mtu wa kompyuta, baba wa watoto wawili na mwenye mdomo usiopumzika, aligeuza kiti chake.

"Muzee akifukuzwa tutamuandika wapi? Kitabu cha takwimu kinasema, mutu aliyefanya kazi saa moja mu juma, iko na kazi. Asiye nayo, lazima awe anaitafuta njo ahesabiwe chômeur. Sasa muzee wa miaka makumi saba na moja atatafuta kazi kwa nani? Hatakuwa mufanyakazi, hatakuwa chômeur. Atapotea mu tableau."

Emérence hakucheka. Mwalimu Philémon alifundisha shule ya msingi Bagira miaka thelathini na minane, alikuwa mjane, na kazi hii ya siku chache kwa mwezi ndiyo iliyomfanya apige pasi shati. Barua ile isingemwondolea mshahara tu. Ingemwita mwongo mbele ya mtaa aliousomesha.

Takwimu Emérence hakuzisomea chuoni. Alizikuta humuhumu, katika kitabu kilichopoteza jalada, alichokuwa akikisoma baada ya kufagia, zamani alipokuwa mfagiaji. Kitabu kilimfundisha jambo moja kuliko mengine: namba ikikushangaza, fuata njia yake mpaka ilikozaliwa. Kwa hiyo alianza na iliyokuwa karibu.

Alifungua kabati, akatoa mizani ya Philémon, ambayo mzee huipitia ofisini kila siku ya kupima, akaning'iniza pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa. Sindano ilisimama kwenye elfu moja. Mizani haikuwa na kosa.

Kisha akakaa nyuma ya Ulrich na kulinganisha karatasi na kompyuta, mstari kwa mstari.

"Tantine, sasa unatafuta mimi?"

"Natafuta namba. Wewe uko mu njia yake tu. Soma Juni."

Walimaliza saa sita kasoro. Hakuna hata tarakimu iliyobadilishwa.

Ikabaki karatasi yenyewe. Alizipanga tena mezani, na safari hii akasoma pia vitu vingine. Sabuni ya Bagira ilipanda kama ya Kadutu. Gunia la makaa lilipanda pia. Vilivyolala ni vitatu tu: maharagwe, mchele na unga wa muhogo. Vyote hupimwa kwa kopo. Vyote vilinunuliwa meza namba kumi na nne, kwa Maman Euphrasie.

Na kwenye karatasi ya Julai, pembeni, kwa mwandiko wa ubaoni, Mwalimu alikuwa ameandika: *Alhamisi, ville morte, mji umegoma, soko limefungwa. Sikupima. Nimerudi Ijumaa.*

Emérence aliizungushia sentensi hiyo duara kwa penseli. Mtu anayepika namba nyumbani hana haja ya kujua kwamba soko limefungwa.

Alhamisi, siku ya kupima, saa moja na nusu asubuhi alikuwa Bagira. Alizaliwa pale. Nyumba zilikuwa zilezile za matofali, zimesimama mistari kama wanafunzi, lakini ua wa maua ambao mama yake aliukata kwa makasi kila Jumamosi ulikuwa sasa ukuta wa mabati. Alikumbuka alivyomfuata mama sokoni akibeba kitunga. Mama hakuuliza bei kamwe. Aliingiza mkono ndani ya kopo kwanza, akapapasa kitako, akamtazama muuzaji machoni, ndipo wakaanza kusalimiana. Siku hizo muuzaji alijaza kopo mpaka likawa na kilima, kisha akatupia konzi juu yake. Konzi hiyo iliitwa nyongeza, na mtoto aliyetumwa akarudi bila nyongeza alirudishwa sokoni.

Meza ya kumi na nne ilikuwa karibu na bomba. Maman Euphrasie alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, kitambaa cha njano kichwani.

"Kopo ya maharagwe?"

"Elfu tatu na mia tano, maman. Bei iko ileile."

"Na nyongeza?"

"Nyongeza ilikufaka pamoja na pesa ya zaïre. Weye unatoka wapi, hukupashwa habari ya kilio?"

Wauzaji wa jirani wakacheka. Emérence naye akatabasamu, akalipa, akaenda nyuma ya ukuta wa zahanati na kupima kwa mizani ya akiba aliyotoka nayo ofisini. Gramu elfu moja na hamsini. Sawasawa na Kadutu.

Akanunua chai mkabala na meza ile na kungoja.

Saa tatu kasoro robo Mwalimu Philémon alitokea, kofia mkononi, viatu vimepakwa rangi. Maman Euphrasie alisimama kabla hajafika. Akampa kigoda, na badala ya kuuliza anataka nini, akamwekea magotini daftari la shule na kalamu nyekundu.

"Francine wangu alifanya kalkili jana, Mwalimu. Umuangalizie."

Mzee aliinama juu ya hesabu za binti huyo wa Euphrasie. Alipokuwa akisahihisha, Euphrasie alisukuma kopo lake chini ya meza, akachomoa jingine kutoka ndani ya gunia, kuukuu, rangi imebanduka. Akalijaza maharagwe, mchele, kisha unga, kila mara mpaka kilima, na kila mara konzi juu. Alipofunga mifuko, kopo kuukuu lilikuwa limekwisha kurudi guniani.

Philémon alilipa, akashukuru, akaenda kupimia kivulini. Emérence alimfuata polepole.

"Salamu, Mwalimu. Maharagwe iko ngapi leo?"

Alishtuka, lakini akageuza mizani ili aone. "Elfu moja mia ine."

"Uning'inizie na hii yangu. Nimenunua kwa yeye yule, bei ile ile, saa moja iliyopita."

Sindano ikaishia elfu moja na hamsini. Mzee aliitazama, akautoa mfuko, akauning'iniza tena.

"Maman Emérence, ulinifuata?"

"Nilikufuata. Unisamehe. Kesho saa sita iko barua. Wanasema unapika namba."

Mzee aliushusha mfuko. "Mimi?"

"Mi sikusema. Njo maana niko hapa. Twende."

Maman Euphrasie aliwaona wakirudi wawili pamoja, na mikono yake ikaacha kupanga mifuko.

"Maman," Emérence alisema, sauti yake haikupanda, "mifuko miwili, bei moja, meza moja. Wa Mwalimu unazidi wangu gramu mia tatu na makumi tano."

"Maharagwe inakauka. Ingine iko nzito, ingine nyepesi."

"Imekauka mu saa moja?"

"Ao mizani yenu iko mugonjwa."

"Niliipima jana kwa kilo ya sukari. Iko muzima. Basi unipimie tena mbele yetu, lakini na kopo iko ndani ya gunia."

Maman Euphrasie alimtazama Emérence, kisha bomba, kisha mahali popote ambapo Mwalimu hakuwapo. Mwishowe akaingiza mkono guniani, akatoa kopo kuukuu, akaliweka mezani kando ya lile jingine. Philémon aliingiza vidole ndani ya lile kuukuu, kisha ndani ya lile la kila siku. Kitako cha la pili kilikuwa kimeingia ndani nusu kidole.

"Batu wote wanagonga," Euphrasie alisema. "Nisipogonga, sipati ya kurudisha deni ya gunia. Hiyo nzima ilikuwa ya mama yangu. Nilitunza juu ya Mwalimu tu."

"Juu ya nini mimi tu?" Philémon aliuliza.

"Kwa sababu weye ulinifundisha litre. Ulileta maji mu ndoo, ukatuita mumoja mumoja tupime, ukasema mutu anayepunguza kipimo anaiba mara mbili, anaiba kitu na anaiba neno. Nilikuwa na miaka tisa." Alijifuta uso kwa kitambaa. "Nitakupimia je na kopo ya kugongwa? Na ninaona unaandika. Nilisema, Mwalimu asiandike jina yangu mu kitabu ya wezi."

"Siandike majina, Euphrasie. Naandika uzito."

"Sasa ile iko mubaya gani? Nilikupa mingi. Sikukupunguzia."

Emérence akamweleza, bila haraka, kama alivyojieleza mwenyewe zamani kwenye kitabu kisicho na jalada. Kwamba kopo lile moja lilisimama kwa niaba ya makopo yote ya Bagira. Kwamba lilipobaki limejaa, ofisi iliona Bagira wanakula kama Machi. Kwamba kwa hiyo walimu wastaafu mia moja themanini na wanne walikuwa karibu kuambiwa kwamba maisha hayakupanda.

"Na yeye pia?"

"Na yeye pia. Iko mu liste."

Maman Euphrasie alikaa kwenye kigoda.

Mwalimu alikuwa bado ameshika makopo mawili. "Kopo ikipunguka robo," alisema, "bei inapanda kiasi gani?"

Hata muuzaji wa nyanya aligeuka kusikiliza.

"Robo, Mwalimu," Euphrasie alijibu.

"Theluthi." Akayaweka makopo chini, taratibu. "Ile sikuwafundisha muzuri. Kosa iko yangu."

Saa nane mchana Papa Gérard aliwasikiliza hadi mwisho. Aliikunja ile barua mara nne, akaisukuma ndani ya mtoto wa meza, na hakuomba radhi, ila alimwagizia mzee soda. Kisha akarudi kuwa mkuu wa ofisi.

"Miezi saba yote iko ya uongo, hata kama hakuna mwongo. Nataka namba mpya mbele ya mwisho wa mwezi."

"Maman Euphrasie anakumbuka siku alizogonga," Emérence alisema. "Kwa Pasaka, kwa mwanzo wa mvua, batoto wakirudi masomo. Nimeandika. Tukilinganisha na Kadutu, tutakaribia ukweli."

"Na huyu hapimi tena Bagira. Kila meza kule iko na mwanafunzi wake. Mupeleke Kadutu. Weye uende Bagira."

Kwa hiyo jioni walikaa wawili na orodha ya meza thelathini za Kadutu, wakitafuta muuzaji ambaye Mwalimu hamjui. Alishika kalamu nyekundu aliyosahau kuirudisha sokoni.

"Ya kwanza," Emérence alisoma. "Adélaïde."

"Alikuwa analia kila siku ya division. Siku ya mutihani alipita wote." Akakata mstari.

"Ya sita. Placide."

"Alinipasuliaka dirisha, akakubali mbele sijauliza." Akakata.

"Ya kumi na tano. Akonkwa."

"Baba yake alikufa mu mwaka wa tatu. Tulimuchangia daftari." Akakata, polepole zaidi.

"Lakini, Mwalimu, hii iko Kadutu."

"Batu wanaoana, Maman. Wanahama."

Waliendelea hivyo. Ulrich alizima kompyuta, akawaaga, akasema kwamba kwa mwendo huo Mwalimu atapimia Sange, mbali kabisa nje ya mji. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Dirishani ziwa lilikuwa limegeuka rangi ya bati.

"Ya makumi mbili na mbili," Emérence alisema. "Lydie."

Kalamu ilibaki juu ya karatasi. "Lydie. Lydie wa nani?"

"Haikuandikwa."

Alifumba macho. Alipita madawati, safu kwa safu, midomo ikitaja majina bila sauti. Akafumbua.

"Sikumbuke," alisema, na haikujulikana kama amefurahi. "Kesho nitaenda nimuangalie uso kwanza."

Emérence akaweka alama ya kuuliza mbele ya jina hilo. Chini yake zilikuwa bado meza nane ambazo hawakuzigusa, na miezi saba ya kuhesabu upya.