Namba Nane Yaitika

Kiwanda kile cha mafuta ya nazi pale Msambweni kilikuwa na mashine saba, na asubuhi moja zikaitika nane. Anayetaka kubisha na abishe. Majini niliyosimuliwa mimi yakipangwa foleni yatafika Vanga na mengine yatakosa pa kusimama, lakini hili la kiwandani ndilo peke yake linalonifanya niangalie mlango.

Fundi alikuwa Abdulkadir, mtu wa Mombasa, miwani ya jua juu ya kofia na maneno hayamwishi mdomoni. Aliletwa aziunganishe mashine na kompyuta ya ofisini, ili msimamizi akae chini ya feni aone joto la kila mtambo bila kutoka jasho.

"Hii yaitwa itifaki," alimwambia Nzai, mzee wa Kiduruma aliyekuwa mchocheaji wa boila. "Adabu ya mazungumzo. Kila mashine nimeipa namba. Kompyuta yaiita namba, mashine yajibu joto lake, kisha yanyamaza. Asiyeitwa hasemi."

"Na hii ya nane? Mbona mashine ni saba?"

"Tukinunua nyingine siku moja, itakuta nafasi yake tayari."

Nzai akaliweka koleo chini. "Kwa hivyo saa hii kompyuta yaita mtu asiyekuwepo?"

"Kila sekunde, mchana na usiku."

"Fundi, kwetu mtu haiti ndani ya nyumba tupu. Ukiita sana, kuna atakayeona haya kukunyamazia."

"Mzee wangu, wewe chochea moto."

Haikupita wiki, nafasi tupu ikajibu. Thelathini na saba. Abdulkadir akafuata nyaya kwa mkono, moja moja, na ya nane hakuiona kwa sababu haikuwepo. Siku hiyo ofisi ikaanza kunuka udi uliochanganyika na nywele zilizoungua, na ndani ya mabomba ya mvuke kukasikika kitu kikikwaruza taratibu, kama mtu mwenye kucha ndefu anayetafuta mlango gizani. Akasema ni vumbi. Akasema ni kutu. Mtu aliyesoma hakosi la kusema.

Aliyegundua ni Nzai. Alikuwa amesimama dirishani mwa ofisi, kompyuta ubavuni mwake, akimtazama Kadzo, mwanamke aliyekuwa akibeba vikapu vya mbata, nazi kavu, kutoka uwanjani hadi juu ya kinu. Kadzo akipanda ngazi, namba nane yapanda. Kadzo akikaa kivulini anywe maji, yashuka.

"Fundi," alinong'ona, "hiyo si mashine. Hiyo ni damu ya Kadzo."

Abdulkadir akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Basi tazama ninavyomfuta Kadzo wako." Akaifuta namba nane.

Huko nje Kadzo alikuwa katikati ya ngazi, kikapu kichwani, akimtania mwenziwe juu ya harusi fulani, na neno likamkatikia mdomoni, mbata zikamwagika mbele yake naye akazifuata chini bila hata kunyoosha mikono, akalala kifudifudi vumbini, hana pumzi, hana mapigo, na wenziwe wakimgeuza wakaona macho yako wazi na mchanga umeingia ndani na wala hayapepesi.

"Irudishe!" Nzai alipiga ukelele. "Irudishe, mwanaharamu!"

Ikarudishwa. Kadzo akavuta pumzi ndefu. Aliyesema baada ya hapo hakuwa Kadzo.

Wakamwita Bibi Esha wa Majoreni, ambaye majini humjua kwa jina na baadhi yao humwamkia. Alifika mchana, jua liko utosini, akamkuta Kadzo amelazwa ofisini, akafukiza ubani, akamfunika kaniki, akauliza kwa upole, "Ni nani wewe, na wataka nini kwa mwana wa watu?"

Sauti ikatoka chini ya kaniki, nzito, haina haraka. "Wenye haja nami hukaa siku arubaini wakifunga na kuniita, nami siendi. Huyu hakuchoka. Mchana aniita, usiku aniita, hana kikomo. Nikasema, ni nani huyu mwenye mapenzi makubwa hivi? Nikaja. Sikukuta kiti, nikakaa hapa."

"Mwanamke huyu hakukuita. Mwachie."

"Aliyeniita na aitike. Mimi nimemwitikia."

Watu wote wakamgeukia Abdulkadir. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. "Iliyoita ni kompyuta," alisema. "Mimi nimeandika namba tu."

"Chuma hakina damu," sauti ikasema. Namba nane ikapanda. Arubaini. Arubaini na moja. Chini ya kaniki Kadzo alianza kutetemeka hata meno yakagongana, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba kizima, na mabomba yote ya kiwanda yakaanza kukwaruzwa kwa pamoja, karibu, karibu zaidi, nyuma ya ukuta uleule aliouegemea fundi.

"Bibi," alilia, "nikiitika itakuwaje?"

"Mwanamke atapona," alisema Bibi Esha, na zaidi ya hapo hakusema.

Arubaini na mbili. Nzai akainua koleo. "Wamtazama mtu akiungua, mbwa wewe! Itika!"

"Ni mimi," Abdulkadir alinong'ona. "Ni mimi niliyekuita."

Mabomba yakanyamaza. Kadzo akajifunua kaniki akaomba maji. Namba nane ikashuka, ikasimama kwenye thelathini na saba, na fundi akajishika kifua kama aliyevishwa nguo ya mtu mwingine.

"Mtoe na kwake!" Nzai alisema.

Bibi Esha alikuwa akikung'uta chetezo chake. "Kwa mwanamke aliingia bila ruhusa. Kwa huyu amekaribishwa."

Tangu hapo Abdulkadir hakurudi Mombasa. Alilala ofisini ubavuni mwa kompyuta, akafunga betri juu ya betri, na stima ikikatika utamsikia akisoma dua mpaka irudi. Alikwenda tu ng'ambo ya barabara kunywa kahawa, tena kwa mbio.

Ndipo tajiri mwenye kiwanda akamleta Eunice, injinia kutoka Nairobi, aje kuusafisha mfumo. Kadzo alikuwa akifagia ofisini.

"Hii namba nane haina mashine," Eunice alisema. "Ni ya nini?"

"Usiiguse, dada. Hiyo ni mtu."

"Aki nyinyi watu wa coast!" Akacheka, akaifuta.

Dirishani, ng'ambo ya barabara, kikombe kikaanguka, kisha mtu.

"Irudishe!" Kadzo alipiga kelele, na Eunice akairudisha. Namba nane ikajibu. Ishirini na nane. Joto la ukuta, joto la meza, joto la kitu kisicho na damu.

Abdulkadir akainuka. Hakujipangusa mchanga, hakuwatazama waliokwisha kuanza kumsomea. Akavuka barabara pole pole, lori likafunga breki kwa mlio, hakugeuka. Akasimama mlangoni, na udi ukaingia kabla yake.

"Nani ameniita?" akauliza, kwa sauti nzito isiyo na haraka.

Kadzo akaruka amzibe Eunice mdomo. Lakini Eunice alikwisha kushusha pumzi kwa furaha ya kumwona mtu wa watu amesimama.

"Ni mimi," akasema.