Nilidhani Mwanangu Amejivua Ugonjwa

Nina miaka thelathini na mmoja, mama wa watoto watatu na mkulima wa mpunga hapa Usevya. Haya ninayoandika mume wangu keshayajua, padri keshayasikia... sasa yasikieni na ninyi wazazi wenzangu.

Mwanangu wa katikati anaitwa Leokadia, ana miaka saba. Huyo mtoto alikuwa hatulii! Kanisani ndiye aliyewatangulia wenzake kucheza wakati wa kupeleka vipaji, na akina mama walimpigia vigelegele mpaka naona aibu ya raha.

Mwaka jana mafua yalipita kijijini, yakatulaza nyumba nzima. Tukapona. Wiki chache baadaye Leokadia akashikwa na homa kali... siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano! Malaria akapimwa, hana. Macho mekundu, midomo imepasuka, vipele mwili mzima. Tukampeleka hospitali Mpanda, akalazwa. Daktari alitueleza kwamba virusi vya yale mafua vilishaondoka, ila mwili wa mtoto ulikuwa bado unapigana na sasa unajiumiza wenyewe, hadi kwenye mishipa ya moyo.

Homa ikashuka. Siku ya kuruhusiwa, daktari alinisisitizia nimpe vidonge vya kuzuia damu kuganda kila siku bila kuruka, na baada ya wiki mbili nimrudishe apigwe picha ya moyo. Niliitikia. Nani angekataa?

Tulipofika nyumbani, ngozi ya vidole vyake ikaanza kubanduka kwenye ncha. Kwetu, mtoto aliyetoka vipele akibanduka ngozi tunasema amejivua, yaani ugonjwa umetoka pamoja na ngozi. Mama mkwe aliviangalia vile vidole akacheka kwa furaha.

“Kajivua huyu! Nyie mnataka nini tena hospitali?”

Jamani, nilimwamini upesi kwa sababu ndilo nililotaka kusikia! Mpunga ulikuwa umekauka shambani, ndege wanaula, na mwenye nguvu za kuuvuna nilikuwa mimi tu. Vidonge nikaviacha. Siku ya kurudi hospitali ilipofika niliamka, nikachukua mundu, nikaenda shambani.

Mume wangu alikuwa Karema kwenye biashara yake ya dagaa. Jioni alipiga simu kuuliza kama nimempeleka mtoto. Nikamjibu nimempeleka, na moyo wake ni mzima kabisa! Akamshukuru Mungu kwa sauti, nami nasikiliza na vumbi la mpunga mikononi. Hivi kweli ni mimi niliyesema vile?

Ikafika misa ya mavuno. Leokadia akatangulia kama kawaida yake. Wimbo haujafika katikati akasimama, akashika kifua, akakaa chini. Watu walidhani ni mbwembwe zake, wakazidisha vigelegele... Mimi nilijua, nikabaki nimekaa kwenye benchi. Aliyembeba mwanangu ni mama mmoja wa kwaya.

Tulihamishiwa hospitali kubwa nje ya mkoa, mume wangu akatukuta huko. Picha ilionyesha mshipa wa moyo umevimba, damu imeganda ndani yake, na upande mmoja wa moyo umedhoofika. Mume wangu akabisha, akasema mtoto alishapimwa akaonekana mzima. Daktari akafungua daftari la mtoto, akapekua mpaka mwisho.

“Alipimwa wapi, mama?”

Mume wangu akanigeukia, akaelewa. Hakunipiga, hakunitukana. Karema hajarudi tena, na vidonge anampa mtoto yeye mwenyewe, hata mimi nikiwa nimekaa pembeni yao.

Nilimuuliza daktari ingekuwaje kama ningemrudisha siku ile. Akasema hawezi kuniapia, ila uvimbe ungeonekana mapema. Basi nimebaki na hilo tu, na hakuna ninachoweza kufanya!

Leokadia siku hizi anakaa mlangoni kuangalia wenzake wakikimbia. Juzi alinyoosha vidole vyake, akavichunguza kimoja kimoja.

“Mama, nikijivua tena si nitapona?”

Nikaingia ndani kulia.

Wazazi wenzangu, nawasihi! Ngozi ya mtoto haiwezi kukwambia moyo wake ukoje. Ukiambiwa mrudishe hospitali, mrudishe, hata kama anacheza na kucheka. Msifanye kama mimi... acheni mpunga uliwe na ndege.