Ng'ombe wa Bartolomayo

Sidonia alitoka zizini na kibuyu chepesi. Ng'ombe walikuwa wengi, lakini maziwa yalifunika kitako cha kibuyu tu. Majani yalikuwa yamekwisha ukanda wote wa Bahi. Mvua ilikatika mwezi wa pili, mtama ukiwa umefika magotini. Ukakauka umesimama shambani.

Aliwasha moto. Akakoroga uji kwa konzi ya unga, akatia maziwa yale. Uji ulikuwa mwepesi kama maji ya kuoshea mikono. Akawapa kwanza watoto, Witness na mdogo wake Noeli. Kisha akampelekea mama mkwe wake, Bibi Anna, aliyekuwa ameketi ukutani penye jua.

"Shikamoo, mama. Uji huu."

"Marahaba, mwanangu. Mpe Witness, anakwenda shule."

"Witness amekunywa."

"Basi mwongezee. Mimi nimeshiba tangu jana."

Bibi Anna alisema hivyo kila siku. Mwanzoni Sidonia alibishana naye. Baadaye aliacha kubishana, kwa sababu sufuria haikuwa na cha kuongeza. Jambo hilo alikuja kulikumbuka sana.

Ungepita njiani ungeona zizi la Nathanaeli, mume wa Sidonia, ukadhani ni nyumba ya mtu mwenye mali. Watu walimwita "Mzee wa Pembe," naye alipenda jina hilo. Lakini ng'ombe wale hawakuwa wake. Walikuwa wa Bartolomayo, tajiri wa Gulwe.

Wagogo wana desturi hiyo tangu zamani. Mwenye mifugo mingi haiweki katika zizi moja. Huigawa kwa watu anaowaamini, mbali na kwake, ili ugonjwa au wezi wasimalize yote kwa mara moja. Anayetunza hupata maziwa na mbolea. Baada ya miaka kadhaa hupewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, awe wake mwenyewe. Ila hana ruhusa ya kuuza wala kuchinja. Na jambo kubwa, hatangazi ng'ombe ni wa nani. Akitangaza, mwenyewe huja akawachukua, na mtamba hapewi.

Nathanaeli alikuwa amebakiza mwaka mmoja apate mtamba.

Mwezi wa tatu habari zilienea kijijini kwamba shirika moja la mjini linaleta chakula. Litagawa unga, maharage, mafuta na sabuni kwa nyumba zilizokosa mavuno. Kazi ya kuzitafuta nyumba hizo ilipewa kikundi cha akina mama cha kijiji, pamoja na wazee wa kanisa na wa msikiti. Siku ile walipopita, Sidonia aliwaona wamesimama njiani. Walilitazama zizi, wakasemezana kidogo, wakaenda nyumba ya pili.

Sidonia alitaka kuwakimbilia. Nathanaeli akamshika mkono.

"Waache. Unataka tuonekane ombaomba?"

"Baba Witness, unga umekwisha."

"Nitampigia Bartolomayo. Nitamwomba tuuze hata dume mmoja."

Alipiga. Bartolomayo akajibu kwamba bei ya mnadani ni mbaya sana mwaka huu, wasubiri mvua.

Mwezi huo huo ukaja mkutano wa kijiji. Majina ya nyumba zitakazosaidiwa yalisomwa mbele ya watu wote. Mwenyekiti akauliza, "Kuna nyumba yoyote tuliyoisahau?"

Jirani yao Elisante akapaza sauti kutoka nyuma. "Mmemsahau Mzee wa Pembe. Mleteeni unga, yeye atatuletea nyama."

Watu wakacheka. Nathanaeli naye akacheka. Sidonia alikuwa amekaa upande wa wanawake. Alimtazama mumewe akicheka, akaona jinsi shingo yake ilivyokonda ndani ya kola ya shati. Alingoja aseme. Nathanaeli hakusema. Naye Sidonia hakusema, kwa sababu mke kusema mkutanoni jambo ambalo mumewe amelinyamazia ni kumvua nguo mbele za watu.

Wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Waliendelea kula mara moja kwa siku. Mlenda ulikuwapo, Sidonia aliuchuma porini na kuukausha, lakini mlenda bila ugali haumshibishi mtu. Witness alianza kusinzia darasani. Bibi Anna aliacha kutoka nje kuota jua. Siku moja Sidonia alimwogesha, akahisi mifupa ya mgongo kama kamba yenye mafundo.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Wewe ndiye unayepika. Unajua kilichomo."

Sidonia alitoka nje, akafunga khanga vizuri, akaenda moja kwa moja kwa Lydia, mama Anselmi, katibu wa kikundi cha akina mama. Alimkuta anapepeta mtama.

"Hodi, mama Anselmi."

"Karibu. Mbukwa," Lydia alimsalimu kwa Kigogo. "Keti."

Sidonia hakuketi. "Wale ng'ombe si wetu. Ni wa kutunza. Ndani hatuna kitu, na mama anakufa."

Lydia aliweka ungo chini.

"Mbona hamkusema mkutanoni?"

"Nanyi mbona hamkuingia ndani? Mlisimama njiani."

"Ni kweli," alisema Lydia. "Tuliona pembe, tukapita. Kosa hilo ni letu. Tulifundishwa kuingia. Tulitakiwa kuuliza jana mmekula mara ngapi. Tulitakiwa kutazama ghala lina nini, na kama kuna mzee, mgonjwa, mjamzito au mtoto mchanga. Kwenu hatukuuliza hata moja."

"Sasa nimekuja kuomba."

"Hujaja kuomba, mama Witness. Sikiliza. Shirika liko mjini. Wale watu hawatujui, hawajui nani amelala njaa huku. Ndiyo maana wanatupitia sisi wa hapa, tunaojuana. Tukikosea sisi, chakula kinakwenda nyumba nyingine. Kwa hiyo wameweka utaratibu. Nyumba iliyoachwa ina haki ya kulalamika. Mtu yeyote wa nyumba anaweza kuja, mke, mume au mzee mwenyewe. Halazimiki kusema mbele ya mkutano. Tunarudi kwake watu wawili, tunaona kwa macho. Atakayotuambia mle ndani hatuyatoi nje."

"Hata habari ya mwenye ng'ombe?"

"Hata hiyo. Sisi tunatazama sufuria."

"Sikulijua hilo."

"Wengi hawalijui. Hatukulisema vya kutosha." Lydia alisimama. "Twende kwanza tumwone Bibi. Hilo halingoji mgao."

Lydia alipomwona Bibi Anna alitoka nje upesi. Aliita bodaboda, wakamweka Bibi katikati, Sidonia akamshikilia kwa nyuma mpaka zahanati. Muuguzi alimpima. Alikuwa na homa ya mapafu.

"Dawa atapata," alisema muuguzi. "Ila mwili hauna akiba ya kupigania. Mpeni uji mwepesi, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Msimlishe ugali mwingi kwa pamoja, mtu aliyekaa na njaa muda mrefu chakula kingi humdhuru. Mngemleta mapema."

Neno hilo la mwisho Sidonia alirudi nalo nyumbani.

Kesho yake Lydia alifika na mzee mmoja wa msikiti. Waliingia ndani, wakatazama ghala, wakauliza. Nathanaeli aliketi kwenye kigoda, macho chini, akajibu yote. Jioni ile ile kikundi kilileta mfuko wa unga, maharage, mafuta na sabuni kutoka kwenye akiba waliyoiweka kwa nyumba zilizosahaulika.

Sidonia alipika uji wenye mafuta. Akakaa kando ya kitanda na kijiko. Bibi Anna alimeza kijiko cha kwanza, akameza cha pili. Cha tatu kilitoka pembeni mwa mdomo.

"Mama, jitahidi kidogo."

"Mtamu," alisema Bibi Anna. "Wape watoto."

Alifariki kabla ya Jumapili.

Waombolezaji walikuja wengi, kwa kuwa Bibi Anna alikuwa mtu wa watu. Waombolezaji sharti wale. Ng'ombe walisimama zizini, na hapakuwa na ruhusa ya kuchinja hata mmoja. Basi ulipikwa unga ule wa msaada. Ulisongwa wote. Elisante alinawa mikono akala, akasema ugali umeiva vizuri. Sidonia alisikia. Aliendelea kupakua.

Baada ya siku za msiba kulikuwa na mkutano mwingine. Mwenyekiti alipouliza kama kuna nyumba iliyosahauliwa, Nathanaeli alisimama. Watu wakajiandaa kucheka.

"Ng'ombe mnaowaona kwangu si wangu," alisema. "Ni wa Bartolomayo wa Gulwe. Mimi ni mchungaji tu. Nilinyamaza kwa sababu ya mtamba mmoja, na kwa sababu nilipenda mlivyoniita. Mama yangu alikuwa na njaa ndani ya nyumba yangu. Mwenye zizi kama langu aseme leo."

Hakuna aliyecheka. Elisante alitazama vidole vyake. Halafu mzee mmoja akainuka upande wa kulia, akasema hata wake ni wa kutunza. Akainuka mwingine. Mwishowe zilionekana nyumba nyingi za namna hiyo, zenye pembe nje na majivu ndani.

Lydia naye alisimama, akaeleza mbele ya wote yale aliyomweleza Sidonia. Akasema kikundi hakitahesabu tena mifugo kutoka njiani. Wataingia kila nyumba. Na kama kuna mzee, atasikilizwa mwenyewe, peke yake, asijibiwe na vijana.

Habari zilifika Gulwe upesi. Bartolomayo alikuja na wachungaji wake, akatoa pole ya msiba, akawaswaga ng'ombe wake wote. Habari ya mtamba haikuzungumzwa.

Mgao uliendelea kila mwezi hadi mavuno yaliyofuata. Kila mwezi Sidonia alipokea unga, maharage, mafuta na sabuni, na jina la nyumba yao liliposomwa hakuinamisha kichwa. Witness aliacha kusinzia darasani. Noeli alinenepa mashavu, na muuguzi alipompima mkono kwa utepe, utepe ulisoma kijani, yaani hana utapiamlo. Sidonia alijiunga na kikundi. Hupita nyumba kwa nyumba na Lydia, na yeye hasimami njiani.

Jioni moja Nathanaeli alirudi kutoka shambani. Alikaa, akanawa.

"Nimekutana na wale wazee," alisema. "Wamenishukuru. Wanasema nisingesimama mkutanoni, na wao wangezika."

"Wana haki ya kushukuru," alisema Sidonia.

"Wewe hujaniambia kitu hata siku moja."

Sidonia alisonga ugali mpaka ukashikamana. Akaugeuza kwenye sahani, akamsogezea mumewe, na bakuli la mlenda kando yake.

"Mimi ningekushukuru mwezi wa tatu," alisema. "Kula, usije ukapoa."