Mtoto Aliyeitwa Wakili Kabla ya Mtihani

Ndugu zangu wa Rudewa, na ninyi wa Kilosa mjini mnaojifanya hamtufahamu, nawaomba masikio yenu kidogo. Nataka kuwaeleza yaliyoipata nyumba ya Vitalis. Sisemi ili tumcheke. Vitalis ni jirani yangu, tumezeeka pamoja katika nyumba hizi za kambi zilizobaki tangu enzi za mkonge, na ukuta wangu ndio ukuta wake. Akikohoa, mimi ndiye ninayesema pole.

Natamani sana asubuhi za mwaka ule Hildegarda aliporudi kutoka chuo kikuu. Alikuwa amepata shahada yake ya sheria, binti wa kwanza wa kambi yetu kufika huko. Ulibaki mtihani wa kuingia shule ya mawakili, maana shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Wengi wetu hatukulijua hilo, na waliolijua hawakulijali. Basi alikuwa akiamka anafagia uwanja huku anajisomea vifungu kwa sauti, ufagio unakwenda na mdomo unakwenda. Mkataba ni nini, ushahidi wa kuambiwa ni upi, mshitakiwa ana haki gani. Mimi nipo upande wa pili nakoroga uji, namtania.

"Hilda, leo umemfunga nani?"

"Shikamoo, Mama Upendo. Leo nimemwachia. Ushahidi haukutosha."

"Marahaba. Wewe utatuachia wezi wote watuibie mahindi!"

Tunacheka wote wawili, na mama yake, Editha, anacheka akiwa jikoni. Sijui kama nimewahi kuwa na majirani wazuri kuliko wale wa miezi ile. Ningeambiwa nichague wakati wa kurudia, ningechagua ule.

Aliyevuruga mambo alikuja na kuku. Alikuwa Fortunatus, mwenye shamba kule bondeni, na shida yake mnaijua, ng'ombe wa wafugaji walikuwa wameingia kwenye mpunga wake. Alimkuta Hilda na kitabu, akamwekea kuku miguuni, akasema, "Wakili, nimekuja kwako." Mnajua desturi yetu. Mtu akija na kuku humrudishi, na ukimpokea kuku umepokea na shauri lake. Hilda alimtazama baba yake. Vitalis tayari alikuwa anamfunga kuku kamba.

Kesho yake wakaja wawili, wiki iliyofuata hata kuwahesabu nikaacha. Huyu mpaka wa shamba, yule mirathi, mwingine mume amemkimbia na godoro. Wakulima walikuja, wafugaji walikuja, na wakikutana pale mlangoni walikaa mbalimbali kama wake wenza. Vitalis akatoa viti vyote nje. Kila asubuhi nilimsikia akigonga mlango wa binti yake: "Wakili, amka, watu wamekufikia!" Neno lile alilitamka polepole, kama mtu anayeonja asali.

Msije mkamhukumu upesi. Baba yake Vitalis alitoka Songea kuja kukata mkonge hapa, na hakujua kusoma. Barua ikija kutoka kwao, alikwenda kukaa nje ya nyumba ya karani wa kambi, akingoja karani amalize kula ndipo amsomee. Vitalis alikuwa anamfuata baba yake na kuketi naye chini pale. Aliwahi kuniambia, "Mama Upendo, nyumba yenye watu mlangoni ndiyo nyumba." Sasa watu wamejaa mlangoni pake mwenyewe, wanangoja mwanawe amalize kunywa chai. Nani angeweza kumwambia awafukuze? Mimi nilijaribu, akaniambia nina wivu.

Hilda naye alijaribu. Nilimsikia siku moja akimwambia kwa adabu, "Baba, naomba asubuhi watu wasije. Mtihani umekaribia."

"Niwaambie nini? Kwamba mwanangu ana maringo?"

"Waambie nasoma."

"Si ulishasoma? Miaka yote ile chuoni ulikuwa unafanya nini?"

Alikuwa na mwenzake wa chuo, Lusekelo, aliyekuwa Morogoro na kikundi cha wanaojiandaa kwa mtihani huohuo. Walikuwa wanajibu maswali ya miaka iliyopita na kusahihishana. Lusekelo alimpigia simu mara nyingi akimsihi aende akae nao, na kila akimwuliza amefika wapi katika kusoma, Hilda alibadilisha mazungumzo. Vitalis alimkataza asiende. Watu wangesema wakili amekimbia kazi.

Nyumba ile ilinenepa na mtoto akakonda. Mchuzi wa kuku ulinukia mpaka kwangu. Hilda akishughulika na mashauri ya watu tangu asubuhi, jioni anafungua kitabu macho yamemwiva. Siku ya mtihani ilipofika alikwenda Dar es Salaam, akarudi. Matokeo yalipotoka kwenye simu, aliyasoma akiwa amesimama uwanjani, palepale alipokuwa akifagia. Hakufaulu.

Kuta zetu ni nyembamba, ndugu zangu. Nilimsikia Vitalis akisema, "Usimwambie mtu. Utarudia, nani atajua?" Kisha nikamsikia Editha akilia. Jumapili, baada ya misa, Vitalis alisimama nje ya kanisa akiwapa watu mikono na kuwaambia, "Wakili anawasalimu." Nilitamani kumvuta koti. Nilimhurumia, na nilimkasirikia vilevile.

Kuanzia hapo Hilda akawa na mizigo miwili. Wa kwanza ni mtihani wa kurudia. Wa pili ni ule uongo, na huo ndio ulikuwa mzito zaidi, maana kila aliyekuja alimwita kwa jina ambalo yeye alijua si lake. Aliacha kujisomea kwa sauti. Nikimtania ananitazama tu, halafu anakumbuka kutabasamu. Editha aliniambia kwamba mtoto anasoma ukurasa mmoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na akiulizwa umesema nini, hajui. Mikono ikaanza kumtetemeka. Wapo waliosema karogwa. Karogwa na nani, kama si sisi na kuku zetu?

Siku ya siku alikuja Saning'o, mfugaji wa kule tambarare, ametembea tangu alfajiri, kibuyu cha maziwa begani. Ni mtu mzima, haongei sana. Watu walikuwa wengi uwanjani, Fortunatus akiwamo. Hilda alimwamkia, naye akaeleza shida yake. Baraza la ardhi kule Kilosa lilikuwa limetoa uamuzi juu ya eneo wanalonyweshea ng'ombe, na yeye ameshindwa. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Siku za kukata rufaa ni ngapi? Nikichelewa, mimi na ndugu zangu tunahama. Hatuna maji mengine."

Jambo lile Hilda alilijua kama anavyolijua jina la mama yake. Mimi mwenyewe nilishamsikia akilisema huku anafagia. Akafungua mdomo, halikuja. Akafumba macho, halikuja.

"Sema, Wakili," Vitalis akasema akicheka kidogo. Watu wakasubiri. Angeweza kutaja hesabu yoyote, na Saning'o angeondoka nayo akiiamini. Nilimwona akitazama kile kibuyu, halafu miguu ya yule mtu iliyojaa vumbi.

"Mzee, siwezi kukudanganya," akasema. "Mimi si wakili. Mtihani nilifeli. Na hicho unachoniuliza nilikuwa nakijua, sasa kimenitoka. Nenda Kilosa leo hii, pale barazani kwenyewe, uulize. Usingoje kesho."

Akaketi chini na kulia mbele ya watu wote, kilio cha mtu aliyekizuia siku nyingi. Vitalis akasimama kama amemwagiwa maji. Fortunatus, Mungu amsamehe, ndiye aliyesema kwanza: "Sasa na kuku wangu?"

Saning'o hakukasirika. Aliweka kibuyu karibu na Hilda, akamgeukia baba yake. "Mzee Vitalis, sisi mtamba hatumkamui. Tunamlisha kwanza, azae, ndipo tuongee maziwa. Haya anywe yeye." Akashika fimbo yake, akaenda zake Kilosa. Nilikuja kusikia baadaye kwamba aliwahi, rufaa yake ikapokelewa.

Editha ni mwanamke ambaye katika miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kumsikia akimpandishia mumewe sauti. Siku ile pia hakumpandishia. Aliingia ndani, akafunga vitabu vya bintiye kwenye kanga, akatoka. "Baba Hilda, nampeleka mtoto Mikumi kwa Doris. Watu wakiuliza, waambie ukweli." Wakaondoka na basi la mchana. Vitalis alibaki na viti vyake.

Doris ni mdogo wake Editha, ana mgahawa kando ya barabara kuu pale Mikumi, wanakosimama madereva wa malori. Ana ulimi mkali kuliko wangu, na hilo si jambo dogo. Siku ya kwanza tu alimwambia Hilda, "Hapa hakuna wakili. Hapa kuna mtoto wa dada yangu. Asubuhi unasoma, mchana unanisukumia chapati, jioni unalala. Mtu akikuuliza swali la sheria, mwambie aagize supu."

Niliwahi kwenda kumwona, nikampelekea mchele wa Kilangali. Nilimkuta ana unga mpaka kwenye viwiko, anasukuma chapati na kumjibu Lusekelo, ambaye sauti yake ilitoka kwenye simu iliyoegemezwa kwenye sufuria. Lusekelo anauliza, Hilda anajibu. Akikosea wanacheka, anarudia. Madereva wanakula, hawana habari. Nilisimama pale mlangoni sikutaka kuingia. Ilikuwa ile sauti yangu ya asubuhi, ndugu zangu. Nililia kama mjinga, na Doris akaniuliza kama nimekuja kununua au kumfukuzia wateja.

Wakati huohuo Rudewa tulikuwa tunamcheka Vitalis. Watu walewale waliokula muda wa mwanawe ndio waliompachika jina, wakawa wanamwita "Baba Wakili" na kuangua kicheko. Jumapili moja, kwenye jumuiya, zamu ya maombi ilipomfikia, alisema, "Namwombea binti yangu Hildegarda. Alifeli mtihani, na mimi niliwaficha. Anasoma tena." Akaketi. Hakuna aliyecheka siku ile, na nadhani ndiyo siku niliyomheshimu kuliko zote.

Hilda alirudia mtihani, akafaulu. Doris alipompigia Editha, ambaye alikwisha kurudi kwa mumewe, kumpa habari, mimi nilikuwapo, nikapiga kigelegele. Editha akaniziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, Mama Upendo! Bado shule yenyewe!" Tukacheka huku machozi yanatutoka, tumeshikana kama wasichana, wala hatukumwambia mtu yeyote.

Akaingia shule ile, akapita mitihani yake mingine, akaapishwa. Leo ni wakili kweli, mwenye joho. Lakini ofisi yake iko Mikumi. Watu wa Rudewa wakiwa na shauri wanakwenda stendi.

Krismasi iliyopita alikuja nyumbani. Alifika jioni, na kesho yake baada ya misa alikuwa anafunga mkoba. Tulikuwa tumeketi uwanjani, Vitalis, Editha na mimi. Vitalis amezeeka sasa. Akauliza bila kumtazama, "Mwanangu, utakuja lini kufungua ofisi huku kwetu? Nyumba si ipo."

Hilda alimshika mkono. "Baba, nimeshakusamehe, na nyumbani ni hapa. Lakini kila nikikaa katika uwanja huu, mikono inaanza kutetemeka. Sitaweza kufanya kazi hapa."

Aliisema kwa upole, hakuwa na hasira hata chembe, na ndiyo maana ilituuma sote. Vitalis aliutazama ule mkono wa bintiye ndani ya mkono wake. Ulikuwa unatetemeka kweli. Akauachia taratibu, akasema, "Basi wahi gari, mama. Usichelewe."

FUNZO

Ndugu zangu, mvumilivu hula mbivu, nasi tuliutingisha mti ukiwa bado na maua. Mtoto anayejiandaa kwa mtihani mkubwa si mali ya mlango wa baba yake. Mpeni muda, mpeni ukimya, na mkiwa na shauri, lipelekeni kwa aliyekwisha kuapishwa, hata kama yuko mbali. Usimpe mtoto cheo ambacho hajakipata, maana atashindwa kukivaa na atashindwa kukivua.

Nanyi vijana, kufeli mtihani si aibu. Wengi wameufeli na kuurudia, wakafika. Kinachoua ni kukaa na siri hiyo peke yako huku watu wanakupigia makofi. Sema "bado" mapema, kwa mama, kwa mama mdogo, kwa rafiki wa masomo, kwa yeyote atakayekulindia mlango.

Na wewe mzazi unayenisoma na una mtoto chumbani na vitabu, usigonge kumwambia kuna wageni. Waambie wageni hayupo. Mimi nilimpoteza jirani mzuri kwa sababu ya kuku, na hizi asubuhi zangu sasa ni kimya kabisa.