Bukari Iliyoungua

Harufu ya bukari iliyoungua, ule ugali wa kwao, ilianza siku ya tatu ya matanga, katika nyumba ambayo jiko lake halikuwashwa tangu Victorine azikwe. Chakula cha waombolezaji kilipikwa kwa jirani, Marceline, ng'ambo ya ukuta. Anaclet, mume wa marehemu, alinusa kila sufuria, akachungulia hata chini ya kitanda. Vyombo vyote vilikuwa safi. Akajiambia ni moshi wa kiwanda, ingawa moshi wa Élisabethville kila mtu anaujua: unakereketa koo, haunuki unga.

Msimwonee Anaclet. Alikuwa mume mwema, karani wa bohari kwenye karakana ya reli, shati lake halikosi pasi, na siku mkewe alipokufa kwa homa yeye alikuwa pembeni yake, amemshika mkono. Mtoto wao Régine, wa miaka minne, alikuwa akicheza kwa Marceline. Ndivyo ilivyokuwa. Anaclet mwenyewe aliwaeleza hivyo majirani, na nani angejua kuliko yeye?

Ila tangu siku hiyo Régine hakutamka neno hata moja.

Kilichomkosesha Anaclet usingizi ni wakwe, waliokuwa njiani kutoka Mitwaba. Kwa watu wa kwao, mfiwa hasafishwi mpaka aeleze lufu, yaani asimulie kifo chote mbele ya familia ya marehemu, mara tatu. Wakiridhika, wanampaka pemba, ule udongo mweupe, na marehemu anamwachilia. Wasiporidhika, wanaondoka na mtoto, na marehemu wanamwachia yeye. Anaclet alimtaka mtoto wake. Na alitaka, jamani, alitaka kwa roho yake yote, ile harufu imtoke, maana sasa ilikuwa imeingia hata kwenye mto wa kulalia.

Waliketi uani Jumamosi mchana, jua likiwaka. Nkandu, mjomba wa Victorine, alikaa mbele. Constance, dada wa marehemu, alimpakata Régine. Marceline alisimama kando na bakuli la pemba. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa, nyuma ya mgongo wa Anaclet, na ndani hapakuwa na mtu.

"Bukwe," Nkandu alimwambia mkwewe polepole, "hakuna muntu anakutia makosa. Eleza lufu ya mutoto wetu."

"Homa ilimushika asubuyi," Anaclet alisema. "Nilikuwa naye pembeni. Alikufa mu mikono yangu."

Ko, ko, ko. Mlango uligongwa kutoka ndani, chini kabisa, usawa wa goti. Wakwe hawakugeuka. Lakini Marceline aliutazama mlango.

"Rudilia," Nkandu alisema. "Mara ya pili."

"Homa ilimushika. Nilikuwa naye pembeni, kisha nikatoka kuita infirmier wa hospitali. Kurudi, nikamukuta amekufa."

"Mara ya kwanza haukutoka," Constance alinong'ona.

"Bukwe, mu lufu kichwa inapotea," Anaclet alimjibu.

"Na mulango? Uliacha wazi?" Constance aliuliza.

"Wazi. Wazi kabisa."

Ko, ko, ko. Harufu ikapanda, kali.

"Rudilia ya mwisho," Nkandu alisema.

Hapo Anaclet alifungua kinywa ili aseme ukweli, na ukweli wote ukamjia kwa mpigo, kwamba jana yake waligombana, Victorine akaapa atapanda kamiyo arudi Mitwaba na mtoto, kwamba asubuhi Victorine alikuwa anachemka kwa homa, akamsihi ampeleke kwa infirmier, na yeye akaona ni hila za kutoroka, akawafungia wote wawili kwa ufunguo, akautia mfukoni, akaenda kazini, akahesabu misumari yake kutwa nzima, na jioni alipofungua akakuta bukari imekuwa mkaa jikoni, mkewe sakafuni, baridi, na Régine amekaa nyuma ya mlango na mwiko mkononi, bado anagonga. Akamtazama mtoto. Akaona watamchukua. Hofu hiyo ikamshinda.

"Nilitoka kidogo tu," alisema. "Mulango ilikuwa wazi. Mutoto alikuwa kwa Marceline."

Nkandu akageuka. "Ni kweli, mama?"

Marceline aliinamisha kichwa. Siku ile alisikia mlango ukigongwa tangu asubuhi, akajiambia mambo ya mume na mke hayamhusu. Angeanzia wapi kueleza hayo sasa?

"Ni kweli," alisema.

Wakampaka pemba usoni na mikononi. Harufu ikakatika papo hapo, na Anaclet akalia kwa furaha bila kuona haya. Nkandu akamshika bega, Constance akamkabidhi mtoto, na kabla ya saa kumi wakwe walikuwa wamekwenda. Alimbeba Régine, akaingia ndani, akafunga mlango kwa ufunguo kama ilivyokuwa desturi yake.

Régine alishuka mikononi mwake. Alikwenda akaketi nyuma ya mlango, palepale baba yake alipomkuta siku ile.

"Tata," alimwita baba yake, neno lake la kwanza tangu mama yake afe. "Mama anasema: rudilia."

Jikoni, penye jiko baridi, kitu kilianza kuungua. Anaclet aliruka mlangoni, ufunguo ukazunguka na kuzunguka bila kushika kitu. Alipiga mlango kwa ngumi, akamwita Marceline mpaka sauti ikamkauka. Ng'ambo ya ukuta Marceline aliusikia mlango ukigongwa, akaziba masikio kwa mikono miwili.

Anaclet aliteleza chini, pemba ikimtiririka usoni na jasho.

"Nilikuwa naye pembeni," alianza. "Nilimushika mukono..."

Mikono ya mtoto ilikuwa imetulia mapajani. Ko, ko, ko, mlango uligongwa.

"Haiko vile," Régine alisema. "Rudilia."