Kitenge cha Miavuli

Ungo ndio uliowakutanisha. Siku hiyo njia panda ya Nyakanazi ilikuwa imechafuka kama kawaida yake: malori ya kwenda Rwanda na Burundi yamepanga mstari hadi sheli, mabasi yanapiga honi, wauza mahindi ya kuchoma wamezingira madirisha, na moshi wa nyama unawaingia watu machoni bila kupiga hodi. Josiane aliteremka kwenye basi la Ngara na begi lake begani. Utingo akamrushia ungo aliofungashiwa na mama yake kule Mugoma. Ungo ukamponyoka, ukabingirika mbele ya lori, ukavuka lami kama una miadi upande wa pili, ukasimama kwenye mguu wa kijana mmoja mrefu aliyevaa fulana iliyojaa vumbi la maharage.

"Dada," kijana akasema, "hili tairi ni lako?"

"Ni ungo. Hujawahi kuona ungo?"

"Nimeona. Wenye mbio hivi ndio wa kwanza." Akaufuta vumbi kwa kiganja, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Naitwa Anold. Mimi ndiye mpima mizani kwenye ghala la Laurian, pale nyuma ya sheli. Tunatafuta wachambuaji wa maharage. Ungo wako umeshajua hivyo, bado wewe."

Josiane alicheka, na mwanya wake ukaonekana. Anold akausahau mzani wake na wateja waliokuwa wakimngoja. Jioni ile ile Josiane alikuwa na kazi, na Anold alikuwa na namba yake ya simu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa chini kutwa, miguu imenyooshwa, ungo mapajani: unapepeta, unatoa mawe, unatoa yaliyooza, mazuri yanaingia guniani. Vumbi liliwakaa vifuani mpaka wakawa wanakohoa hata kanisani. Aliyeugua hakuwa na chake. Mkataba wao ulikuwa mdomo wa Laurian, na mdomo huo uliamka na neno jipya kila asubuhi.

Lakini mapenzi hayaangalii vumbi. Anold alikuwa na tabia ya kumpigia simu hata anapomwona kwa macho.

"Nakuona hapo kwa mama wa chapati. Usinunue mbili, utanenepa nishindwe kukubeba."

"Nani kakwambia nataka kubebwa?"

"Nimejifunza neno la kwenu. Mukunzi."

"Nani kakufundisha?"

"Dereva mmoja wa Burundi. Nilimnunulia soda."

"Basi kakuibia. Umelitamka kama jina la dawa ya minyoo."

Hata hivyo, kila alipoitwa mpenzi kwa lafudhi ile mbovu ya Kisubi, lugha ya kwao Anold, Josiane alijisikia kama mtu aliyekunywa uji wa moto asubuhi ya mvua.

Pasaka ilipokaribia, Anold alimnunulia kitenge kwa mwanamke mmoja aliyeleta mali kutoka Kongo. Kilikuwa cha bluu iliyokolea, chenye miavuli ya njano, na pisi ya namna ile ilikuwa hiyo moja tu. Fundi akaikata: Josiane akapata gauni lenye mabega yaliyosimama na sketi pana ya kuzunguka, Anold akapata shati la mikono mifupi. Walipoingia kanisani wakiwa na sare, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mama Priscila, mkongwe wa wachambuaji, alimfinya Josiane mkono na kumnong'oneza, "Mwanangu, sasa bado padri tu."

Muda si mrefu Scola, mchambuaji mwenzao, alijifungua. Aliporudi kazini na mtoto mgongoni, alikuta amefutwa. Laurian alimwambia ghala si kliniki. Scola alisimama pale getini hajui aondoke au akae, na mtoto akaanza kulia.

Wanawake waliokuwa ndani waliliona hilo, wakachoka. Baada ya sala ya jumuiya nyumbani kwa Mama Priscila, walibaki uani wakazungumza kwa sauti ya chini. Waliafikiana hivi: lori la Mwanza litakuja kupakia Jumatatu. Wote wataingia ghalani, watakaa mahali pao, watafunika nyungo zao kifudifudi sakafuni, na hakuna atakayeinua wake mpaka Laurian akae nao. Scola arudi. Mikataba iandikwe. Barakoa za vumbi ziletwe. Wakamchagua Josiane awe msemaji, kwa kuwa ulimi wake haukuwa na woga. Kisha kila mmoja akaapa kutosema, hata kwa mume.

Josiane aliapa kwa moyo wote, na kiapo chake kilidumu mpaka Ijumaa.

"Sauti yako leo haikai sawa," Anold alimwambia kwenye simu. "Una nini?"

"Sina kitu."

"Mukunzi, tunavaa kitambaa kimoja halafu unanificha?"

Akamwambia. Siku, lori, nyungo, yote. Anold akasema, "Mungu awatangulie," na Josiane akalala amepumzika, kwa sababu mzigo ukibebwa na wawili huwa mwepesi. Hivyo ndivyo alivyodhani, maskini.

Jumatatu alivaa gauni lake la miavuli ili limpe nguvu. Walipofika getini, mlinzi aliweka mkono mbele. Ndani, mahali pao, walikuwa wamekaa wanawake wasiowajua, vichwa chini, nyungo zinapanda na kushuka. Laurian alitoka na kijiti mdomoni.

"Nimesikia mnataka kupumzika," akasema. "Pumzikeni. Na nyie wa Ngara msinipigie kelele, maana nikianza kuuliza vitambulisho hapa tutasikia Kirundi kitupu."

Josiane alizaliwa Mugoma, upande wa Tanzania, na kitambulisho chake kilikuwa kwenye pochi. Hata hivyo neno lile lilimchoma.

"Nani kasema?" Mama Priscila aliuliza taratibu, akiwatazama mmoja mmoja.

Josiane naye aliwatazama wenzake. Alimshuku huyu, akamshuku yule. Hili ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba aliwafikiria wote isipokuwa mmoja.

Mmoja wa wale wageni akatoka kuchota maji bombani. Jina lake Anneth, binti kutoka Nyamahanga, kijiji cha jirani, mwenye uso usiojua kuficha jambo.

"Kumbe mpo?" akashangaa. "Tuliambiwa mmerudi kwenu Ngara kuvuna, mmeacha kazi."

"Na nani?" Josiane akauliza.

"Kijana mmoja, alikuja kwetu jana baada ya misa. Mcheshi kweli." Anneth akalitazama gauni, akatabasamu kwa nia njema kabisa. "Si ndiye huyo mwenzio? Alivaa shati la kitambaa hikihiki. Miavuli hii hii."

Josiane aliitazama ile miavuli. Nyuma yake alisikia viatu vya wenzake vikisogea, vikimwacha peke yake na gauni lake. Scola alimtazama, akamweka mtoto wake sawa mgongoni.

"Josiane," Mama Priscila akasema. "Mlishona pamoja, na kutuuza mkatuuza pamoja?"

Alitaka kujitetea, lakini nani angemwamini akiwa ndani ya nguo ile? Akazunguka kwa nje hadi nyuma ya ghala, kwenye mzani. Anold alikuwa amevaa koti jipya la usimamizi, bado lina mikunjo ya dukani.

"Ulivaa shati letu," akamwambia.

"Ndilo shati zuri nililonalo."

"Ulikwenda kutuuza umevaa shati letu, Anold."

"Nisikilize kwanza. Laurian alishasikia fununu. Angewatimua wote. Nikamwambia nitamletea watu, lakini wewe usiguswe." Akatoa karatasi mfukoni. "Mkataba wa maandishi, una jina lako. Si ndio mliokuwa mnautaka? Mimi nimekuwa msimamizi. Mwezi ujao wazee wangu wanakwenda Mugoma kwa baba yako, mzee Idefonsi. Nataka kukuoa, mukunzi."

Maneno hayo Josiane alikuwa ameyasubiri tangu siku ya ungo. Alikuwa ameyaota akipepeta, ameyaota akipika. Yalipokuja, yalimkuta hana hata mtu wa kumwambia.

"Na Scola?"

"Scola atajua mwenyewe."

"Njoo getini. Waambie kwamba mimi sikujua. Sitaki kingine leo."

Anold alitazama mlango wa ofisi ya Laurian, akatazama viatu vyake. "Nikionekana pale getini, kazi sina."

"Basi hutaki kunioa. Unataka kunifuga."

Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Kisha akauchukua ule mkataba na kurudi nao getini. Mlinzi alisoma jina, akampisha. Katika wachambuaji wote wa zamani, ni yeye pekee aliyekuwa na ruhusa ya kuingia. Alikaa katikati ya wanawake wa Nyamahanga, akafunika ungo wake kifudifudi juu ya sakafu, na karatasi akaiweka chini ya ungo.

"Hatujaenda kuvuna," akawaambia. "Tupo pale getini. Yule mwenye mtoto mgongoni, Anneth, ndiye mwenye mahali ulipokaa."

Anneth alichambua konzi nyingine moja. Akatoa jiwe, akalishika. Kisha akamwaga maharage guniani na kuugeuza ungo wake. Jirani yake akamfuata, na mwingine. Mama mmoja mtu mzima aligoma, akasema nyumbani kwake hawajala, akaendelea kupepeta peke yake huku anafuta macho. Hakuna aliyemlaumu.

Jua lilipokuwa kali dereva wa lori la Mwanza alianza kupiga honi, na magunia hayakuwa tayari. Laurian alikuja, akafoka, akaondoka, akarudi na sauti nyingine. Mwisho alikaa juu ya gunia akazungumza nao, wa zamani na wa Nyamahanga pamoja. Scola akarudi na mtoto wake. Mikataba ikaandikwa. Barakoa aliahidi, na mpaka leo bado anaahidi.

Mama Priscila alimkumbatia Josiane mbele ya wote. Lakini walipochagua tena msemaji, walimchagua Anneth. Josiane alipiga makofi pamoja nao, na usoni hakuonyesha kitu.

Koti la usimamizi Anold alivuliwa wiki ile ile. Alipiga simu kila siku, na Josiane hakupokea. Siku aliyopokea alikuwa amesimama kwa mama wa chapati.

"Nimepita getini kuaga," Anold akasema. "Nimeona mtoto wa Scola amebebwa na miavuli yetu."

"Nililifumua gauni. Sketi ilikuwa pana, mbeleko imetoka nzuri."

"Mimi shati ninalo. Nimelivaa."

"Nakuona."

Alikuwa kwenye dirisha la basi la Kahama, ng'ambo ya barabara, shati la bluu, simu sikioni. Wakatazamana kati ya malori.

"Usinunue mbili," Anold akasema.

Josiane alicheka kabla hajajizuia, na kicheko kikamuuma. "Anold, nakupenda, na sikuamini. Sijui mtu anaishije na vyote viwili."

"Niteremke? Niambie tu, nateremka sasa hivi."

Basi likaunguruma. Josiane aliishika nguzo ya kibanda.

"Siku ile nilikuomba uje mpaka getini tu, hukuja."

"Leo nakuja."

"Leo huna cha kupoteza," akamwambia, akakata simu.

Basi likaingia barabara ya Kahama. Alinunua chapati moja, akaifunga kwenye gazeti, akarudi ghalani kuendelea na kazi.